Bibi wa Mpangaji Alikufa Mara Nne

Kama si kikohozi cha mchungaji, Bi Fuatino asingeachiwa hata godoro.

Ropati na mkewe Mareta, wapangaji wake, walihama Jumapili asubuhi, saa ya ibada, saa ambayo pale Vaitele hata mbwa hulala chali kwa kujua hakuna wa kuwarushia jiwe. Kila mwenye miguu yuko kanisani. Mtu akitaka kuhamisha nyumba pamoja na misumari yake, saa yenyewe ndiyo hiyo. Na Ropati alikuwa ameipigia hesabu: mchungaji huhubiri saa moja na dakika kumi, na akifurahi huongeza. Lakini siku hiyo koo lilimgomea. Akahubiri dakika ishirini, akawaombea wagonjwa wote kwa jumla bila kuwataja majina, akakaa. Bi Fuatino alipokuwa anarudi, kofia nyeupe kichwani, akili yake ikiwa kwenye tanuri la mawe na magimbi aliyoyafukia humo alfajiri, aliliona lori la mchanga la Ropati likikata kona. Juu yake kulikuwa na kabati, ndoo tatu, kuku wawili, na Mareta amempakata mtoto. Mareta, kwa adabu aliyofunzwa kwao, akampungia mkono.

Naye Bi Fuatino akapunga! Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alidhani wanakwenda kula chakula cha Jumapili kwa ndugu.

"Na kabati je?" jirani yake alimuuliza baadaye. "Nalo lilialikwa?"

Ile nyumba ndogo ya uani, ya vyumba viwili na mabati, walikuwa wameifagia vizuri sana. Balbu walichomoa. Pazia walikunja. Hata betri ya saa ya ukutani, ambayo ilikuwa mali ya Bi Fuatino, waliondoka nayo, wakaiacha saa imesimama kwenye saa nne na robo, ili mwenye nyumba ajue kazi ilikwisha lini. Kilichobaki ni godoro kubwa la sufi, zito kama dhambi, ambalo watu wawili hawawezi kulipitisha mlangoni kwa haraka huku wakisikia watoto wa shule ya Jumapili wanakuja njiani wakiimba.

Kodi ilikuwa tala mia nne kwa mwezi, na miezi ilikuwa mitatu. Si kwamba Bi Fuatino hakudai. Alidai, na kila alipodai, bibi yake Mareta alikufa.

Mwezi wa kwanza Ropati alikuja amevaa nyeusi. "Mama, tumepata msiba. Bibi Vaelupe, aliyemlea Mareta, ametutoka."

Sasa wewe utajibu nini? Kule Samoa msiba ukiita mshahara huitika, na mwenye nyumba anayedai kodi mbele ya jeneza atasemwa mpaka siku atakayoingia la kwake. Bi Fuatino akasema pole, akamfuta mtoto kamasi, na juu ya hayo akatoa katoni nzima ya samaki wa kopo ya kupeleka matangani. Aliiandika herufi zake ubavuni kwa kalamu nyeusi, F.P., ili wafiwa wajue wa kumshukuru.

Mwezi wa pili, Bibi Vaelupe akafa.

"Ropati mwanangu," Bi Fuatino alisema, "huyu si tulimzika?"

"Walikosea, mama. Alikuwa amezimia tu."

"Na katoni yangu ya samaki?"

"Ndiyo aliyoila alipozinduka. Alikushukuru sana."

Mwezi wa tatu alikufa tena, na safari hii Ropati mwenyewe alionekana kuchoshwa na jambo hilo. "Hata sisi tunashangaa, mama. Moyo wake ni wa kizamani. Unazimika na kuwaka." Jumapili iliyofuata mchungaji akakohoa.

Ingekuwa ni njaa tu, Bi Fuatino asingehangaika. Magimbi alikuwa nayo, shelisheli lilikuwa uani, na mtu mzima hahitaji mengi. Shida ilikuwa ahadi. Mwaka mpya, mtunza hazina wa kanisa aliposimama kuuliza kila nyumba itatoa nini kwa ajili ya paa jipya la mchungaji, Lusila mwenye duka alinyanyuka taratibu, ili kila mtu apate nafasi ya kuiona kofia yake, akasema, "Mia nane." Halafu akageuka kumtazama Bi Fuatino kwa huruma. Ile huruma! Kabla hajajua miguu yake imefanya nini, Bi Fuatino alikuwa amesimama na kinywa chake kimesema, "Elfu moja."

Na kanisa lao si la kuweka bahasha kimyakimya. Siku ya kutoa, mtunza hazina husoma kwa sauti, nyumba kwa nyumba, jina na kiasi, jina na kiasi, na ambaye hana husomewa "bado." Nyumba ya Bi Fuatino ilikuwa ikisomwa kwa jina la marehemu mumewe, Peniamina. Miaka minne yuko kaburini mbele ya nyumba, chini ya vigae vyeupe alivyovisugua mkewe kila Jumamosi, lakini kwenye daftari la kanisa kufa si sababu ya kuacha kuchangia. Katika uhai wake wote Peniamina hakuwahi kusomewa "bado." Alikuwa mtu wa maneno machache na deni sifuri. Bi Fuatino alikaa ukingoni mwa kaburi, akafanya hesabu za siku zilizobaki, zikatoka kumi na tatu.

"Usinitazame hivyo," aliviambia vigae. "Nitapata."

Akaanza na godoro. Alilivuta mwenyewe, akasukuma, akalaani, akapumzika, akalaani tena, na lilipoinuka upande mmoja akauona mkeka.

Hakuna pasi nzuri kama mtu mnene aliyelala, ndiyo maana watu wa kwao huitandaza mikeka yao ya heshima chini ya godoro, na huko hukaa miaka ikinyooka mpaka harusi au msiba uitoe. Lakini huu! Ukili wake ulikuwa mwembamba kuliko utepe wa nguo. Ulikuwa laini kama sikio la mtoto, na rangi yake imekuwa ya mkate uliookwa kwa uzee. Pembeni ulikuwa na manyoya mekundu ya kasuku, hakuna hata moja lililong'oka. Kabati walibeba. Ndoo iliyotoboka walibeba. Kitu pekee chenye thamani ndani ya nyumba walikilalia miaka miwili, na siku ya kukimbia wakakisahau.

"Ee Bwana," alisema Bi Fuatino akikaa sakafuni, "kumbe unasikia hata mahubiri mafupi."

Kesho yake aliukunja ndani ya mfuko wa unga, akaenda sokoni kwa Tuaoi, mwanamke muuza mikeka. Tuaoi alivuta pembe moja tu, akaitazama, akairudisha mfukoni haraka.

"Mama, ficha."

"Kwani mkeka una ukoma? Niambie bei."

"Bei hauna. Tazama hapa kwenye kona, ukili umegeuzwa kushoto mara tatu. Huo ni mkono wa Vaelupe wa Aleipata. Alikaa miaka minne akiusuka. Nikiutundika hapa, kabla jua halijawa kali wajukuu wake watafika na mapanga, na hawataniuliza wewe unakaa wapi, watanikata mimi."

"Vaelupe si alikufa?"

"Nani kakwambia? Wiki iliyopita alikuwa hapa ananunua tumbaku, akanitukana kwa sababu ya chenji."

Bi Fuatino akarudi na mkeka wake, tajiri asiye na nauli. Siku zikayeyuka. Godoro alipata tala thelathini, na mnunuzi akalalamika kwamba linanuka maziwa. Alimtuma mtu kiwanda cha mchanga, wakasema Ropati ameacha kazi, wao pia wanamtafuta. Kwa jamaa zake, hajaonekana. Lusila naye alikuwa akipita uani kila jioni, bila haja yoyote ya kupita uani.

"Shosti, nyumba yako bado ipo tupu? Pole. Na Jumapili nayo ndiyo hii."

"Naipumzisha," alijibu Bi Fuatino. "Ilichoka kubeba watu wazito."

Alhamisi, akiwa anamenya magimbi, redio ilianza kusoma matangazo ya vifo, na kama kila mtu wa umri wake aliacha kumenya ili asikie nani amemtangulia. Mtangazaji akasema kwa sauti ya majonzi ya kila siku: "Bibi Vaelupe, wa Aleipata..."

"Ala!" Bi Fuatino alikipiga kisu mezani. "Mama huyu hachoki?"

Lakini redio iliendelea. Ikawataja watoto wa marehemu, ikataja wajukuu mmoja mmoja, na katikati yao, "Mareta na mumewe Ropati." Mazishi Jumamosi. Ropati angeweza kusema lolote, lakini redio ililipwa kwa neno, na hakuna anayelipia maiti aliyezimia. Safari hii ni kweli. Na kama ni kweli, basi alijua Ropati atakuwa wapi Jumamosi. Mtu wa kule anaweza kumkimbia mwenye nyumba, akamkimbia tajiri wake, akamkimbia hata polisi akiwa na mbio. Mazishi ya aliyemlea mkewe hayakimbii. Asipoonekana huko, ni yeye atakayetangazwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Iakopo, jirani yake wa pili, mtu mwenye cheo cha usemaji, yaani yeye ndiye husimama na bakora na usinga kuwasemea wengine kwenye shughuli, na kwa kazi hiyo hupata chake. Alimkuta amelala. Akamwamsha kwa habari.

"Nitasimama katikati ya msiba," alisema Bi Fuatino, "nimnyooshee kidole mbele ya watu wote. Mwizi! Nipe tala zangu elfu moja na mia mbili!"

Mzee Iakopo alikuna tumbo. "Halafu?"

"Halafu ataaibika."

"Ataaibika, ndiyo. Wewe utapigwa mawe. Mwanamke, akili umeiacha kwenye sinia la magimbi? Ukidai msibani unatoka na jina baya. Ukipeleka msibani unatoka na gari limejaa. Mkeka mkubwa ukiingia, wafiwa lazima warudishe, na warudishe kwa fahari, maana watu wote wanatazama. Huo mkeka hauuzwi, sawa. Unapelekwa. Ukishapelekwa unarudi na miguu: fedha, katoni, nguruwe."

"Lakini ni mkeka wao wenyewe!"

"Ndiyo utamu wenyewe," alisema Mzee Iakopo, na macho yakamwaka kama ya mtu wa miaka ishirini. "Mpwa wangu ana gari. Mafuta yako. Langu utaliona hukohuko."

"Langu" la Mzee Iakopo ndilo lililomkosesha Bi Fuatino usingizi, maana alijua lilivyo na tumbo kubwa. Lakini Jumapili ilikuwa karibu zaidi.

Jumamosi walifika Aleipata kabla jua halijawa kali. Nyumba ya msiba ilikuwa kubwa, ya nguzo bila kuta, wazee wameegemea nguzo zao, na katikati amelazwa Bibi Vaelupe, safari hii bila mchezo. Wageni walikuwa wakiingia kundi baada ya kundi. Bi Fuatino alimtafuta Ropati kwa macho, akamwona akitoka jikoni, kifua wazi, shuka nyeusi kiunoni, trei la vikombe vya kakao mikononi, akiinama mbele ya wazee kama malaika aliyeajiriwa. Macho yao yakakutana. Vikombe vyote vikaanza kugongana meno.

"Usikimbie," Bi Fuatino alimwambia kwa midomo bila sauti. "Kakao itamwagika."

Mzee Iakopo alijisimika uwanjani, usinga begani, bakora mbele, akanguruma. Alisifu nasaba ya wafiwa mpaka wakaanza kujishangaa. Akasema wamekuja mikono mitupu, wao ni watu duni wa mjini, wamebeba kitambaa tu cha kupangusia machozi. Hapo Bi Fuatino na mke wa mpwa wake Iakopo wakaukunjua mkeka, wakautembeza polepole mbele ya nyumba, na upepo ukayachezea manyoya mekundu.

Kwa desturi wanawake hupaza sauti ya shukrani mkeka ukionekana. Hakuna aliyepaza. Aliyesikika ni nguruwe tu, nyuma ya jiko. Bibi mmoja wa makamo, binti wa marehemu, alitambaa mpaka ukingoni, akaishika kona, akahesabu kwa kidole: kushoto, kushoto, kushoto.

"Huu ni wa mama," alisema.

Mtu mwenye mkeka wa watu mikononi, kwenye msiba wa watu, ana majina mawili tu: mtoaji au mwizi. Na lipi atapewa, hilo halikuwa tena mikononi mwake wala katika mdomo wa Mzee Iakopo, ambaye sasa alikuwa akiipangusa bakora yake kwa usinga.

Mzee mmoja mwenye mvi aliinuka kwenye nguzo ya katikati. Alikuwa Tavita, mwana mkubwa wa marehemu. "Mama mgeni," alisema, "mkeka huu tumeutafuta siku tatu. Mama aliagiza afunikwe nao. Tulimpa Mareta siku ya harusi yake autunze. Juzi tulipomuuliza yuko nao wapi, akasema umewekwa kwa shangazi mmoja mjini, mama mwenye nyumba, mtu mwaminifu sana. Sisi, Mungu atusamehe, tukasema mtoto huyu ameuuza."

Mareta alikuwa amekaa miguuni pa marehemu, macho yamevimba. Hakumtazama Ropati. Alimtazama Bi Fuatino kama mtoto aliyevunja sahani.

Tala elfu moja na mia mbili zilikuja zikakaa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Fuatino, zimejipanga, tayari kutoka. Zingetoka. Lakini jicho lake liliangukia uso wa Bibi Vaelupe. Ulikuwa uso mdogo, mkali, wa mtu aliyechoka kufa kwa faida ya wengine. Miaka minne ameinamia ukili ule. Haikuwa haki afe mara nne halafu ya mwisho iharibiwe na habari za kodi.

"Ni kweli, mzee," alisema. "Ulikuwa kwangu. Niliukuta palepale walipouweka, na hakuna aliyeugusa."

"Na hawa watoto, walikaa kwako vizuri?"

"Kama kwao. Mzee, sijaona watu waliojisikia nyumbani kama hawa. Chochote changu walikiona chao. Hata siku ya kuondoka hawakutaka kunisumbua kwa kuniaga."

Trei la Ropati likalia kengele.

"Na Ropati huyu," aliongeza Bi Fuatino, sauti imejaa asali, "ndiye aliyekuwa akinipa habari za mama. Kila mwezi hakosi. Msiba huu mimi nimeujua mapema kuliko redio."

Tavita alifuta macho kwa kiganja. "Mkwe mwema," alisema. Hapo ndipo wanawake walipopaza sauti, wote kwa pamoja, na mkeka ukapokelewa, ukatandazwa juu ya Bibi Vaelupe mpaka kidevuni. Mareta aliangusha kichwa kwenye magoti ya Bi Fuatino, akalia kilio cha kweli. Bi Fuatino akampapasa mgongoni. Alishangaa kuona kwamba yeye mwenyewe haigizi.

Kisha yakaja marudio, na wafiwa waliyarudisha kama watu wanaotazamwa na wilaya nzima. Nazi iliyochomekwa noti ya tala mia. Bahasha. Paja la nguruwe lenye mtu wake wa kulibeba. Katoni kumi za samaki wa kopo, kila moja ikitangazwa kwa kelele. Na aliyeamriwa kuzipeleka garini, kwa kuwa alikuwa kijana na hodari na mkwe mwema, alikuwa Ropati.

"Taratibu, mwanangu," Bi Fuatino alimwambia akijipepea kando ya gari. "Mgongo. Usije ukazimia. Kwenu mnazimia sana."

Ya saba ilikuwa na kona iliyobonyea. Ubavuni, kwa kalamu nyeusi, iliandikwa F.P.

Walitazamana, Bi Fuatino na Ropati na katoni.

"Naona kaitapika," alisema Bi Fuatino.

Njiani Mzee Iakopo alilipata langu lake: paja la nguruwe lote, katoni nne, na mia mbili kutoka kwenye bahasha. Alisema ni bei ya kirafiki. Zikabaki mia nane, na ahadi ni elfu, na kesho ni Jumapili. Bi Fuatino hakupita nyumbani. Alimwambia mpwa asimamishe gari mbele ya duka la Lusila, akateremsha katoni tano. Ile ya F.P. akaiacha kwenye kiti, imetembea vya kutosha.

"Umefungua duka, Fuatino?" Lusila alichungulia.

"Nimefiwa, ndugu yangu. Nitakula mimi samaki hawa wote? Nipe hamsini hamsini."

"Thelathini. Umefiwa na nani?"

"Bibi mmoja. Mzoefu." Akajipangusa jicho. "Utabishana bei na mwanamke anayetoka kaburini?"

Kulikuwa na wateja watatu dukani, wote masikio. Lusila akatoa arobaini arobaini. Alizihesabu mbili mbili, zikafika mia mbili kamili, akamkabidhi kwa ile huruma yake ya siku zote. Bi Fuatino aliipokea pamoja na fedha. Safari hii haikumuuma hata kidogo.

Jumapili mtunza hazina alisimama na daftari. "Nyumba ya Lusila, mia nane." Watu wakaitika. Akageuza ukurasa, akavaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Mtu akipewa daftari hujiona naye mchungaji. "Nyumba ya Peniamina..."

Bi Fuatino aliacha kujipepea.

"...elfu moja."

Alianza kujipepea tena, polepole, upande ambao upepo ulimfikia Lusila.

Aliporudi nyumbani hakuvua kofia. Alipita kwanza kaburini, akagonga kigae kwa kucha mara moja, kama mtu anayegonga meza baada ya kushinda karata. Ndipo akauona moshi.

Moshi ulikuwa ukitoka uani. Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya mshelisheli. Kabati lilikuwa limerudi mahali pake, balbu inawaka mchana kweupe, na saa ya ukutani inatembea. Mareta alikuwa akipanga magimbi kwenye sinia. Ropati alitokeza mlangoni, uso mkavu kama si wake.

"Shangazi!" alisema. "Mjomba Tavita amesema tusikuache peke yako. Mtu aliyeuleta mkeka wa bibi ni ndugu wa damu. Tumerudi nyumbani. Na kodi..." Alicheka kidogo. "Nami nikamwambia mjomba, nani amewahi kumlipa shangazi yake kodi?"

Bi Fuatino alisimama pale, kofia kichwani, akitazama mtego alioufuma kwa ukili wake mwenyewe. Kweli. Ndugu halipi kodi. Hata Mzee Iakopo, na usinga na bakora, asingeweza kulipinga hilo. Alimtazama Mareta, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu ya wawili. Akamtazama mtoto aliyekuwa akila udongo. Kisha akatabasamu, na Ropati, ambaye alikuwa na akili, akaacha kucheka.

"Umesema kweli, mwanangu," alisema Bi Fuatino. "Ndugu halipi kodi, ni aibu hata kuitaja. Karibuni kwenu." Akavua kofia, akampa Mareta amshikie. "Kodi ni ya watu baki. Kijana wa nyumba hukabidhi mshahara. Wote, na bahasha yake, kwa mkubwa wa nyumba, kama ulivyofundishwa kwenu. Halafu mkubwa humrudishia cha sigara, akikumbuka. Au nimtumie salamu mjomba Tavita, nimuulize kama kwao Aleipata wanafanya vingine?"

Ropati akalitupia lori jicho. Bibi wa kufa hakuwa amebaki naye hata mmoja.

"Hapana, shangazi," alisema.

"Vizuri. Jumatatu urudi kiwanda cha mchanga ukawaombe radhi. Sasa leteni chakula, nimesali na njaa."

Tangu hapo Ropati anaimba kwaya. Bi Fuatino ndiye aliyemwandikisha, na si kwa sababu ya sauti, maana sauti yake ni ya mlango wa zizi, na mwalimu wa kwaya amekwisha kulalamika mara mbili. Lakini wanakwaya hukaa mbele, upande wa kulia, na kutoka benchi la Bi Fuatino shingo ya Ropati inaonekana vizuri mno, ibada nzima, hata mchungaji akihubiri saa mbili.